Darubini Iliyopimwa kwa Jicho Lake

Risasi ya tatu nayo ikapotea. Askari wa wanyamapori akalaumu upepo, na fundi wa silaha, aliyechuchumaa kando yake hapo uwanjani, akacheka.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, shemeji. Hebu niambie, huo msalaba wa kulengea ndani ya darubini ya bunduki unauona vizuri?"

"Naona ukungu."

"Miezi minane unaona ukungu, na umenyamaza!"

Alinyamaza makusudi. Bunduki hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, na kikosi kilimkabidhi yeye. Pete ya nyuma ya darubini, ile inayozungushwa mpaka msalaba ukolee, mume aliipima kwa jicho lake, na jicho lenyewe lilikuwa bovu. Bila miwani angeweza kumwamkia mbuzi kwa heshima zote. Mjane hakuwahi kuigusa. Kila alipoweka jicho pale alijua mwenzake aliliweka papo hapo, na alimtamani mtu yule mpaka kifua kikauma.

Lakini leo ulikuwa mtihani wa shabaha. Akikosa na raundi ya pili angehamishiwa ofisini kugonga mihuri, na doria za porini, alikozoea kutembea na mumewe, zingekwisha. Maji alikuwa ameshayavulia nguo.

Akaizungusha pete harakaharaka. Msalaba ukakolea, mweusi, mwembamba. Akapiga risasi moja ya majaribio, ikaangukia chini, upande wa kulia.

"Skrubu ya juu, izungushe ilie tiki mara sita, kupandisha," fundi akasema. "Ya pembeni, nne kushoto."

Risasi tatu zilizofuata ziliingia ndani ya duara la shabaha, zimekaribiana kama vifungo vya shati.

"Umefaulu, shemeji! Mwenyewe angekuwepo, angerukaruka hapa."

Maneno hayo yalimchoma. Akahakikisha bunduki ni tupu, akalala tena kifudifudi, akairudisha pete nyuma. Ukungu ukaja. Akazungusha kidogo zaidi, ukungu. Akarudisha, ukungu. Wote ulifanana.

"Unatafuta nini tena?"

"Pale alipokuwa ameiacha."

Fundi akaichungulia pete. "Hukuweka alama?"

Hakuweka. Aliendelea kuizungusha, huku na huku, machozi yakidondokea kitako cha bunduki, na fundi akaanza kuokota maganda ya risasi, moja moja, ili asimtazame.