Dira ya Mashua

"Shikeni digrii themanini," Kapteni Lührs aliwaambia watu wa mashua, ameinama juu ya mnara wa nyambizi yake. "Siku chache tu, mtakiona kisiwa."

"Themanini kwa dira yetu hii?" aliuliza serahangi wao, mkuu wa mabaharia, mtu mzima mwenye damu shingoni. Maofisa wake wote walikuwa wamezama na meli.

"Kwa hiyo hiyo."

Akawatupia mikate na blanketi, jambo ambalo makao makuu yalikwisha kulikataza, kisha akauliza jina la meli aliyoizamisha. Alilihitaji. Kila meli aliyoizamisha ilikuwa na kibendera chake cha kupeperushwa siku ya kurudi bandarini, na Heino, mpishi, ndiye aliyevishona. Serahangi akamtajia, tena akamshukuru. Shukrani ile ilimkaa Lührs vizuri moyoni. Ni muda mrefu alikuwa hajajiona mtu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akinywa kahawa nyuma ya mshika usukani, macho yake yakaangukia dira ya nyambizi. Kahawa ikamwagika. Dira ile iliendeshwa kwa umeme na kuonyesha kaskazini halisi, na themanini aliyowapa ilikuwa ya dira hiyo. Ya mashua ilikuwa ya sumaku, na katika maji yale sumaku huvutwa kando, si haba. Zamani, alipokuwa ofisa wa meli za mizigo, aliwafundisha wanagenzi kurekebisha tofauti hiyo mpaka wakamchoka. Vita vilikuwa vimemsahaulisha. Wale watu wangepita kaskazini ya kisiwa na kuishia kwenye bahari tupu, wakimwamini.

"Tunarudi," alisema.

Dohn, msaidizi wake, alimvuta pembeni. Mafuta yaliyobaki yalitosha kufika nyumbani tu, na kwa shida.

"Basi tutangaze kwa redio. Waingereza watakwenda kuwaokota."

"Na sisi watatuokota, Mzee. Vipande vipande." Dohn aliteremsha sauti. "Hawa nao wana mama zao."

Lührs aliwatazama mabaharia wake, ndevu zimewatimka, mmoja akichana mkate kwa vidole vyeusi vya grisi. Kilichomtia aibu ni kwamba aliona nafuu kuzuiwa. Redio haikuguswa.

Walipoingia bandari ya Lorient bendi ilikuwa ikipiga gatini, na wauguzi wamejipanga na maua. Heino alipandisha kibendera cha mwisho. Jina la meli alilishona kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kubwa.

"Nimelipatia, Mzee?"

"Umelipatia."

Admirali alikuwa akingojea saluti. Lührs alilowesha kidole kwa ulimi, akakiinua. Upepo ulitoka kaskazini. Kama kule nako ulivuma hivi, ungeisukuma mashua kusini kidogo, kuelekea kisiwa. Dohn akamgusa kiwiko, na yeye bado ameinua kidole.