Mkono Upite Sikio

"Mwache! Utamletea binat!"

Pacing alifoka mlangoni mwa chumba cha mazoezi, chupa ya uji wa wali kwapani. Binat, yaani kujichosha kabla hujapona hadi ugonjwa ukurudie, ndiyo hofu yake kuu. Tangu mdogo wake Salvacion akatwe titi kwa sababu ya saratani, Pacing alimlisha, akamwogesha, akamkataza hata kukaribia kitanda chake cha kufumia. Mkono wa kulia ukakakamaa, ukawa haufiki hata begani.

"Kumbe novena yenyewe ndiyo hii? Kanisani nimekutafuta mpaka kwa padri!"

"Nisamehe, Dada," Salvacion akasema, uso umemwiva kwa aibu. Wiki kadhaa alikuwa akimdanganya kwamba anakwenda kanisani kusali hiyo novena, sala za siku tisa, kumbe anakuja hapa.

"Shangazi, tugombane baadaye," akasema Junrel, kijana wa tiba ya viungo. "Leo saa nne anaingia kwenye mashine ya mionzi. Humo analala mkono uko juu ya kichwa. Usipopanda, nafasi anapewa mwingine. Na saratani haingoji mtu."

Pacing akaingia, akasimama kando ya mdogo wake.

Salvacion aliugeukia ukuta. Akautazama kana kwamba huko juu pana uzi umekatika, na hakuna mwingine wa kuufunga. Vidole vikaanza kupanda. Bega. Shavu. Penye sikio mkono ukagoma, kovu likamvuta, machozi yakamtoka.

"Siwezi."

"Huwezi nini?" Ni Pacing huyo, amepaza sauti! "Wewe uliyefuma shali za maharusi wote wa Miagao? Pandisha, mvivu wewe!"

"Dada, na binat je?"

"Binat nitapambana nayo mimi! Pandisha!"

Jamani, chumba kililipuka. Wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu walisimama, wakapiga makofi, mmoja mwenye kilemba akagonga kiti kama ngoma. Salvacion akang'ata mdomo, akavuta pumzi kama Junrel alivyomfundisha, akapandisha. Kidole kimoja. Kingine. Sikio likapitwa, kisha utosi!

"Umefika!" Junrel aliruka. "Huo unaitosha mashine!"

Pacing alikuwa analia na kucheka, uji unamwagika sakafuni wala hana habari.

"Haya, shusha sasa, Shangazi," Junrel akamwambia Salvacion. "Upumzike kabla hawajakuita."

"Ngoja kwanza," akasema Salvacion. Alikuwa ameinua uso, anautazama mkono wake.