Tundu la Hewa Nyuma ya Kabati Jeupe

Mpwa wangu Talaibek alirudi kutoka Moscow na jaketi la ngozi, kitambi na maoni. Maoni ndiyo yaliyokuwa mengi. Kule alibebea watu matofali miaka sita, lakini kwa jinsi alivyosimulia ungedhani mji wote aliujenga yeye. Akaapa kumtengenezea mama yake, mdogo wangu Burul, jiko la Kiulaya.

Mimi nakaa ghorofa ya nne, Burul ya tatu, chini yangu kabisa. Miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kukagua matundu ya hewa katika majengo ya Bishkek. Nimeingiza mkono katika kila tundu la mtaa huu, nikatoa viota, matambara, na mara moja meno ya bandia. Basi niliposikia nyundo chini, nikashuka kutazama.

Jiko lilikuwa jeupe pe. Hita ya gesi ya kuchemshia maji alikuwa ameifungia ndani ya kabati, kama watu wanavyomficha mjomba mlevi wageni wasimwone. Dirisha jipya la plastiki lilifungika bila kuacha upenyo hata wa sindano. Na kule juu, karibu na dari, penye tundu la hewa la zamani lenye wavu wa chuma, alikuwa anapima ubao wa jipsamu.

"Hilo unalifanya nini?" nikauliza.

"Naliziba, mama mkubwa. Baya hili! Linaleta mende na harufu za majirani."

"Jirani ni mimi."

"Sijasema wewe."

Nikachana ukingo wa gazeti, nikausogeza kwenye tundu. Karatasi ikarukia wavu, ikanata pale bila kushikwa na mtu.

"Unaona? Linavuta. Hita yako inakula hewa kama wewe unavyokula nyama. Ukifunga dirisha, na hapa ukaziba, hewa itaisha na moshi wake utarudi humu humu. Huuoni, huunusi. Mama yako ataumwa kichwa, halafu atalala, halafu hataamka."

Akacheka. Mafundi wake wawili wakamtazama kwanza, walipoona bosi anacheka nao wakacheka.

"Mama mkubwa, hayo mambo ya enzi za Urusi yamepitwa na wakati."

"Na kupumua nako kumepitwa na wakati?"

"Siku hizi kuna feni ya kuvuta moshi. Hii hapa."

Nikainama nikalifuata bomba la hiyo feni kwa macho. Liliingia kwenye kabati la juu, likaishia humo.

"Inauvuta moshi inaupeleka wapi? Kwenye vikombe?"

"Ina chujio."

"Afadhali yenyewe ina kitu ndani."

Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamgeukia Burul, aliyekuwa anapangusa kabati ambalo halijapata kuguswa na vumbi.

"Burul, mwambie mwanao."

"Dada, mtoto amejitolea. Nimvunje moyo?"

"Basi niahidi, ukiwasha hita unafungua dirisha."

"Dirisha halifunguliwi," akadakia Talaibek. "Mji mzima unachoma makaa Februari hii. Masizi yakiingia, makabati yangu hayamalizi wiki."

Burul akainamisha kichwa. Maisha yake yote ametii wanaume wenye sauti kubwa, na huyu alikuwa amemzaa mwenyewe. Niliwadharau wote wawili, nikapanda ngazi zangu. Nimeshasema, nikajiambia, na mtu mzima harudii maneno.

Alhamisi nilikutana na Burul ngazini, uso umemsawijika.

"Kichwa kinanigonga, dada, tangu juzi."

"Kamuulize Mzungu wako," nikamjibu, nikapita.

Mzungu wake akamnunulia mashine ya kupima presha.

Ijumaa ikafika. Kwetu Ijumaa mtu hukaanga kitu, harufu ya mafuta iwafikie marehemu wake. Burul hukaanga boorsok, maandazi yetu madogo, kwa ajili ya mumewe, Mukash, na kwa miaka tisa hajaruka hata Ijumaa moja. Harufu hupanda kwenye tundu lile, na kwa kuwa jengo letu lilijengwa na watu wenye haraka, huvuja na kupita jikoni kwangu kwanza. Ndipo hunipigia simu: "Dada, imekufikia?" Nikisema imefika, hutulia, maana anajua na Mukash ameipata.

Ijumaa hiyo nilikaa na chai yangu, pua tayari. Hakuna kitu. Nikacheka peke yangu. Basi leo Mukash atanusa jipsamu, nikawaza, hiyo ndiyo Ulaya yenyewe. Simu nayo haikulia. Nikasikia maji yanatiririka bombani huko chini, yanatiririka tu, na Burul ni mtu wa kufunga hata koki ya jirani. Nikanywa chai hadi mwisho, nikaweka kikombe, nikashuka.

Ufunguo wa kwake ninao. Nilimkuta sakafuni chini ya makabati meupe, mashavu mekundu kama ya bibi harusi, unga bado mikononi. Sufuria ya mafuta ilikuwa imeanza kufuka. Ndani ya kabati hita ilikuwa inanguruma. Nikafunga gesi, nikafungua dirisha, nikamburuta kwa makwapa hadi ngazini huku nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Talaibek akatokea chini na keki mkononi, maana jioni alikuwa amealika watu waje kuliona jiko.

"Mama amefanyaje?"

"Amevuta jiko lako. Piga simu, pumbavu!"

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Talaibek alirudi ndani akaubomoa ule ubao kwa nyundo, kisha kwa kucha, akilia kama ng'ombe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lilikuwa la mama yake. Sikumhurumia. Nilisimama mlangoni nikamwonyesha na pale alipobakiza.

Burul alifumbua macho kesho yake, bomba la oksijeni puani. Nesi alikuwa pembeni anaandika.

"Dada," akanong'ona, "imekufikia?"

"Haikunifikia," nikasema. "Ndiyo maana nikaja."

Akatafuta mkono wangu akaushika.

"Unamwona dada yangu huyu?" akamwambia nesi. "Alipokosa harufu tu, alikuja mbio."

Nesi akanitazama kwa heshima. Nikatikisa kichwa kukubali. Habari ya ile chai sikuitaja.