Beringi Moja na Magauni Mawili

Wiki ile mimi ndiye niliyekuwa simu ya nyumba. Mwanangu, mwoka mikate, alikaa upande huu wa meza. Mkewe, fundi cherehani, alikaa upande ule. Mimi katikati, na kikombe changu cha chai.

"Mama, mwambie huyo mwanamke mboga ina chumvi."

"Mama, mwambie mwanao mikono anayo, kesho apike mwenyewe."

Walikuwa wanasikiana vizuri tu. Mimi nikawa nageuka huku na huku mpaka shingo ikauma.

Chanzo kilikuwa pikipiki. Ni ya mkwe wangu, anayo tangu usichana wake, na mwanangu huitumia alfajiri kusambaza mikate. Injini ilipoanza kunguruma vibaya chinichini, mkwe alitega sikio akasema, "Beringi inakufa hiyo. Usiipande." Mwanangu akasema ni mnyororo tu, akaipanda. Injini ikakwama njiani, mikate yote ikiwa nyuma. Akarudi anaisukuma, jasho linamtiririka, na badala ya kusema "ulikuwa sahihi, mke wangu", akatangaza kwamba ameshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja kuichukua Jumamosi.

Kuuza pikipiki ya mwenzako bila hata kumuuliza! Nilimzaa mwenyewe, lakini siku ile nilitamani kumrudisha.

Mkwe hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akashusha begi kubwa kutoka juu ya kabati, akatoka na spana zake, akaikokota pikipiki mpaka jikoni na kuanza kufungua nati. Nikachungulia chumbani. Begi lilikuwa wazi kitandani, na ndani mna magauni yake mawili, yamekunjwa vizuri.

Anaondoka huyu, nikawaza. Nampenda mkwe huyu, nasema bila kuzunguka. Ni mkali kama mimi, na tukianza kucheka majirani hugonga ukuta. Nikayabeba magauni, nikayatumbukiza kwenye beseni la sabuni. Nguo mbichi haifungashwi. Kesho yake yalikuwa yamekauka na kurudi begini, nikayafua tena. Hakuna aliyemwuliza mwenzake chochote.

Jikoni kukawa hakukaliki. Pistoni ilikuwa kwenye sufuria yangu ya wali, boliti kwenye vikombe, na mkwe kwenye mkeka, anasafisha kila tundu kwa petroli asibakize hata chembe ya chuma kilichosagika. Mwanangu alipita akijifanya anatafuta chumvi, akaweka kitu kidogo mezani. Kilikuwa beringi mpya, ile pete ya chuma yenye gololi inayoufanya mhimili wa injini uzunguke.

"Mama, mwambie hiyo nimeiokota," akasema, akakimbilia chumba chake cha kuokea.

Mkwe aliigeuzageuza, akatabasamu, kisha akakumbuka kwamba amenuna. "Mwambie mwanao, pikipiki ikitoka kwa mlango huu, na mimi natoka kwa mlango huohuo."

Ujumbe huo sikuufikisha. Walipokuwa vyumba mbalimbali nilipata nafasi ya kufanya kazi yangu. Wengine hutia chumvi, mimi nilitia sukari. Nikaenda nikamwambia, "Mkeo anauliza kama umekula."

"Kweli?" akasema, na unga puani.

Kazi ilifika mahali pagumu. Beringi haipigwi nyundo kuingia kwenye kasha la injini. Kasha linapashwa moto litanuke, beringi inagandishwa isinyae, kisha inadondoshwa moja kwa moja kabla joto halijapotea. Beringi ilikuwa tayari imelala kwenye friza, katikati ya samaki wangu. Moto wa kutosha ulikuwa kwenye tanuri la mikate, na tanuri lina mwenyewe. Basi Ijumaa tukaingia wote watatu mle ndani.

Mwanangu alitoa kasha kwa glavu zake za kuokea, akalishika juu ya meza. Mkwe akainama na beringi inayofuka baridi.

"Mama, mwambie alilaze kushoto."

Nami, mzoefu wa sukari, nikaanza: "Mwanangu, mkeo mpenzi anakuomba, kama hutajali..."

Beringi ikaingia upande, ikang'ang'ania hapohapo. Wote wawili wakanigeukia. Sikuwa na pa kuficha uso.

Ikabidi kasha lirudi tanurini, beringi ichomoke, irudi kwa samaki. Safari ya pili, kasha lilipotoka tu, nilichukua nusu mkate nikaujaza mdomoni.

"Mama, mwambie..."

Nikaonyesha mashavu yangu.

"Kushoto!" mkwe akamfokea mumewe mwenyewe.

"Hapa?"

"Kidogo tena! Usitetemeke, mume wangu!"

"Sitetemeki, naungua!"

"Tulia... sasa!"

Tk. Beringi ikazama yenyewe mpaka chini, imenyooka. Wakabaki wanatazamana, mwanangu na unga, mkwe na oili.

"Hata mimi niliisikia ikinguruma," mwanangu akasema polepole. "Niliona aibu tu kukubali. Nisamehe." Kisha akaongeza, "Na asante kwa kuuliza kama nimekula."

"Nani kauliza?"

Wakanigeukia tena. Nilikuwa bado natafuna. Mkwe ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mwanangu akamfuata.

Jumamosi injini ilikuwa imefungwa, oili imetiwa. Mwanangu akapiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena, ikakohoa. Mkwe akamsukuma pembeni, akapiga yeye, ikawaka! Akaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza, akafumba macho kwa raha. Ule mngurumo mbaya haukuwepo tena. Nilipiga vigelegele mpaka meno ya bandia yakacheza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akatokea mlangoni na mkokoteni. "Kiko wapi hicho chakavu?"

"Ni mimi," mwanangu akasema. "Lakini mke wangu amekataa kuniuza."

Mkwe alikwenda kwenye kamba ya nguo, akang'oa gauni la njano, akalivaa juu ya suruali yake.

"Mama, limepauka hili. Umelifua mara ngapi?"

"Ningelifua mpaka litoboke," nikamjibu.

Akanikumbatia kwa nguvu, ananuka petroli, machozi yakimlenga, na yangu yakimwagika kabisa. Kisha akapanda mbele, mumewe nyuma na mikate yake, wakaondoka wakibishana wapite njia gani, kwa sauti, wao kwa wao.

Nikarudisha begi juu ya kabati. Gauni la pili lilikuwa bado bichi kwenye kamba. Nikaliacha likauke.