Taulo Nyeusi

Nyumbani kwetu kisiwani Föglö, taulo za wanaume zilikuwa nyeupe na zetu wanawake nyeusi. Utotoni nilidhani ni urembo.

Kaka yangu Runar alipotokwa na damu puani mchana kutwa, baba aliwasha boti mbio akampeleka hospitali mjini. Daktari akasema ni ugonjwa wa kurithi, damu yake haigandi upesi. Wa kurithi! Hakuna aliyeuliza kaurithi kwa nani. Runar akapewa dawa, akakatazwa hata kupasua kuni. Mimi hedhi ilikuwa haikatiki, nazimia jikoni, na mama ananiambia, "Jikaze. Wanawake wa ukoo huu ndivyo tulivyo. Hata bibi yako alikuwa hivi."

Bibi alivuja damu akijifungua mpaka akafa!

Juzi binti yangu Alva kavunja ungo. Mama kaja na zawadi, kaifunga utepe: taulo nyeusi, mpya.

"Mama, huu ni ugonjwa wa Runar!"

"Acha wazimu wewe. Runar ni mgonjwa. Huyu ni mwanamke."

Nikaichukua ile taulo, nikamtupia baba aliyekuwa anakunywa kahawa yake.

"Futia viti vya boti, baba. Tunakwenda hospitali, wanawake wote watatu."