Bwana Maendeleo na Magunzi ya Costancia

Costancia alikuwa mlezi wa watoto katika kijiji cha ujamaa karibu na Chanzuru. Akina mama walipokwenda shamba la kijiji, aliachiwa watoto kumi na wanne, wengine bado wakitambaa. Vifaa vyake vilikuwa magunzi, makopo na sufuria iliyotoboka. Alikuwa akificha gunzi chini ya kopo na kuuliza, "Liko wapi?" Mwezi mzima Regina, mtoto wa mwaka mmoja, alimkodolea macho tu. Jumatatu moja alifunua kopo mwenyewe, akacheka mpaka akaanguka chali. Costancia alitokwa na machozi.

Kwa bahati njema, siku hiyohiyo alifika Theodory, Bwana Maendeleo mpya, kijana aliyehitimu semina ya wiki tatu na hivyo hakubakiwa na la kujifunza duniani.

"Ndugu mlezi, wenzako wanapalilia, wewe unacheza?"

"Ndivyo wanavyojifunza kufikiri, mwanangu."

"Watakaa kwa mistari, wakariri malengo ya kijiji."

"Huyu hata 'mama' hajui kusema."

"Basi ataanza na lengo la kwanza."

Magunzi yakafungiwa stoo, Costancia akakabidhiwa jembe. Ulezi, ambao haukuwa kazi, Theodory aliushika mwenyewe ili kuonyesha mfano.

Shambani Costancia alisikia vilio vikivuka mahindi. Akavumilia. Kisha kukawa kimya, na kimya cha watoto kumi na wanne ndicho kilichomtisha. Akatupa jembe, akakimbia.

Mistari hakuiona. Theodory alikuwa amepiga magoti, shati lina kamasi, watoto wawili wamekalia faili lake. Alikuwa ameficha kalamu chini ya kofia.

"Iko wapi, eh? Iko wapi?" alibembeleza.

Regina akafunua kofia. Theodory akapiga makofi kama mwehu, ndipo akamwona Costancia mlangoni.

"Nilikuwa nafanya ukaguzi," alisema.

"Naona. Endelea kukagua."

Jioni stoo ilifunguliwa, bila maelezo.

Mwezi uliofuata ilitangazwa mbinu ya kisayansi ya kukuza akili za watoto wachanga, iliyobuniwa na Ndugu Theodory: kuficha kitu na kumwuliza mtoto kiko wapi. Walezi wote waliitwa Kilosa mjini kufundishwa. Costancia alikwenda, akakaa mbele, akatikisa kichwa kwa mshangao kila ilipobidi. Chakula kilikuwa wali kwa nyama. Aliomba kuongezewa mara mbili.