Tangazo Chini ya Picha ya Mwalimu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu utotoni alikuwa Mdogo wa Mwalimu, na hata alipopata kazi yake mwenyewe kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi ya kukata karatasi na kufunga vitabu vya risiti, watu waliendelea kumwita hivyohivyo. Hakukasirika. Kaka yake alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule ileile, na kila alipoingia benki au dukani hakukosekana mtu mzima wa kusimama wima, kama bado anangoja kusahihishiwa daftari.

Mwalimu alifariki ghafla, mchana wa siku ya kazi, kalamu nyekundu mkononi. Moyo ulisimama tu. Aliacha mke, binti mmoja, mama yake mzazi, na ukurasa wa mtandaoni wenye wafuasi elfu sita na ushee. Ukurasa huo alifunguliwa na mdogo wake. Kila Ijumaa Mwalimu aliweka fumbo la hesabu, na wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana vitambi na mvi, waligombania kulijibu. Alipokufa hawakuondoka. Waliendelea kuja kumwandikia: "Mwalimu, leo nimeajiriwa." "Mwalimu, nimepata mtoto, mkaidi kama mimi, sasa ndio nakuelewa."

Mke wake hakuufungua tena ukurasa ule. Alisema akiona ile sura inacheka, siku nzima inaharibika. Kwa hiyo neno la siri lilibaki kwa Mdogo wa Mwalimu peke yake.

Miezi mitano baada ya mazishi, kiwanda kilileta mashine inayokata, kukunja na kufunga yenyewe, naye akamwaga unga. Alikuwa akiishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, na kwa wiki kadhaa alitoka kila asubuhi amechomekea shati, akapita duka moja la uchapaji baada ya jingine, akarudi mchana shati limechomoka. Ndipo akakutana na Fundi Wino, mwenzake wa zamani aliyekuwa akichanganya rangi kiwandani, na Fundi Wino akamweleza habari ya matangazo.

"Ni kazi ya kukaa," alisema. "Kampuni inakupa tangazo, unalibandika kwenye ukurasa wako. Mtu akilibofya, unalipwa. Mwingine akibofya, unalipwa tena. Hununui kitu, huuzi kitu."

"Na wakibofya wasinunue?"

"Hiyo shida ya wenye bidhaa. Wewe chako ni kidole cha mtu tu."

Alijisajili siku hiyohiyo. Lakini ukurasa wake mwenyewe ulikuwa na marafiki mia moja na kitu, nusu yao ndugu, na katika siku kumi tangazo lake la mikoba lilibofywa mara moja. Aliyebofya alikuwa Fundi Wino, akitaka kuona kama linafanya kazi.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilipokuja alijua kabisa ni wazo la namna gani. Alilizunguka siku mbili. Alijiambia kwamba kaka yake, aliyemlipia ada mpaka kidato cha nne, asingependa kuona mama yao anahesabu viazi. Alijiambia kwamba tangazo ni tangazo, halimli mtu. Siku ya tatu akaingia kwenye ukurasa wa marehemu, na chini ya picha ya Mwalimu akicheka, chaki imemjaa kwenye mkono wa shati, akabandika tangazo la vigae vya kuezekea.

Watu wakalipita bila kuligusa. Kampuni ikamtumia ushauri: tumia maneno yanayoita. Basi akaketi kitandani, simu mapajani, akaandika juu ya tangazo: "Picha za Mwalimu ambazo hamjawahi kuziona. Bofya hapa." Alipomaliza alitazama mlangoni, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na nyumbani hapakuwa na mtu.

Picha hizo hazikuwepo. Lakini vidole vilikuja kama mvua.

Ndani ya mwezi mmoja alilipa kodi ya nyumba, akajaza mtungi wa gesi, akamnunulia mama yake simu ya kioo kikubwa, kwa kuwa ile ya vitufe ilikuwa imefutika namba zote. Mama alikuwa mshonaji mstaafu, mwanamke wa maneno machache na macho makali nyuma ya miwani. Aliigeuzageuza simu mpya kama kitambaa anachotafuta upande wake wa nje.

"Umepata kazi gani?" aliuliza.

"Ya mtandao, Mama. Matangazo."

"Kaka yako angefurahi."

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Akanywa maji, akasema chakula kina chumvi, na Mama akaonja akasema mbona hakina.

Mwanzoni kazi ilikuwa kubandika. Baadaye ikawa kufuta. Watu waliandika: "Picha hazifunguki." "Mbona inanipeleka kwenye vigae?" Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki alipitia ukurasa na kuondoa malalamiko hayo, moja baada ya jingine, kisha akatoka kuulizia kazi kama zamani. Kuna muuguzi mmoja, mwanafunzi wa zamani, aliandika kirefu. Alisema alikuwa safarini Mwalimu alipozikwa, hakuwahi kumuaga, na amejaribu picha zile siku tatu mfululizo. Mwenye ukurasa amsaidie tafadhali, hata moja tu. Mdogo wa Mwalimu alisoma ujumbe ule mara mbili. Kisha akaufuta, na kutwa nzima hakuweza kumtazama mtu usoni, hata mwenye duka aliyemrudishia chenji.

Angeacha? Alisema ataacha mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, akasema huu ujao.

Siku ya arobaini hivi tangu abandike vigae, kampuni ikamwandikia. Akaunti yake imesimamishwa, malipo yamezuiwa. Wamegundua kwamba mibofyo zaidi ya elfu moja imetoka kwenye simu moja tu, kila siku asubuhi, mfululizo. Huo, walisema, ni udanganyifu, na kama unafanywa na yeye au mtu wake, atafungiwa moja kwa moja.

Alikwenda mbio kwa Fundi Wino, akamkuta anapaka rangi geti la watu.

"Ni wewe unayenibofyea?" alimfokea. "Nani alikuomba msaada?"

Fundi Wino alishuka ngazi taratibu. "Mimi nilibofya mara moja, mikoba yako. Tangu siku hiyo natumiwa matangazo ya pochi za harusi, mke wangu ananiuliza naoa lini. Nirudie tena nina wazimu?" Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Halafu, hebu niambie. Elfu moja? Kwenye ukurasa wako ule wa ndugu?"

Mdogo wa Mwalimu akajifanya anakagua rangi ya geti.

"Umebandika wapi?" Fundi Wino alimtazama kwa muda, na uso wake ukabadilika. "Usiniambie," alisema, akapanda tena ngazi akampa mgongo.

Alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, viazi vilivyomenywa nusu ndani ya beseni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Alikuwa amevaa miwani. Alikausha kidole kwenye kanga, akabofya, akangoja. Vigae vikatokea, vyekundu, nyumba nzuri, watoto wanacheka barazani. Mama akavitazama kwa subira mpaka mwisho, akarudi nyuma, akakausha kidole, akabofya tena.

"Mama, unafanya nini?"

"Ah, umerudi." Hakushtuka. "Nangoja picha za kaka yako. Leo mtandao mzito. Jana nusura zifunguke, ilizunguka, ilizunguka, nikasema sasa. Zikaja nyumba hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu uninunulie. Ukishatoka naanza, nikichoka naendelea na kazi." Akainua simu amwonyeshe. "Nafikiri ni kidole changu. Ngozi imekufa kwa sindano, kioo hakinisikii. Nilitaka nikuulize, nikasema kijana ana kazi zake, nitamchosha na maswali."

Alipaswa kusema palepale. Badala yake alisema, "Nitaitengeneza," akaingia chumbani, akaketi. Alimsikia mama yake anaosha viazi, anavikata. Alijaribu kufikiria namna ya kuliondoa tangazo, aseme picha zimepotea, aseme tangazo liliwekwa na wezi. Uongo ulikuja mwingi, umepangika, kila mmoja na shati lake safi. Akanyanyuka akarudi jikoni kabla hajachagua hata mmoja.

"Mama, hakuna picha."

"Zimefutika?"

"Hazikuwepo. Niliandika mimi. Watu wakibofya ninalipwa."

Kisu kilisimama. "Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Mama hakulia wala hakupandisha sauti, naye mwanawe akajikuta amechuchumaa sakafuni kama mtoto anayengoja kiboko ambacho hakiji. Baadaye Mama aliichukua simu, akaigeuza kioo chini, akaiweka juu ya friji, mbali.

"Nilimwambia jirani kwamba kuna picha zake mpya," alisema. "Nimemwambia kila siku." Kisha akasema, "Nenda kwa mke wa kaka yako. Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Shemeji yake aliishi mtaa wa pili. Alimkuta sebuleni anapiga pasi sare za binti yake. Walikuwa watu wa utani, siku zote akiingia alimpokea kwa, "Karibu mume mdogo, umeleta nini?" Siku hiyo hakungoja utani. Alisema yote akiwa amesimama, macho kwenye pasi.

Shemeji aliichomoa pasi ukutani.

"Kuna muuguzi alikuja hapa," alisema. "Wiki iliyopita. Kasafiri kutwa nzima. Akaniambia, ukurasa wa Mwalimu una utapeli, ninyi nyumbani mnajua? Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni wezi wa mtandao. Nilimwapia, shemeji. Nilimwambia kwa jina la mume wangu, mdogo wake ndiye anautunza, na mdogo wake hawezi."

Shemeji akanyoosha mkono.

"Nipe neno la siri."

"Niruhusu kwanza niandike kitu."

"Andika hapa, nikiona."

Akaondoa tangazo. Akaandika: "Mimi ni mdogo wa Mwalimu. Picha nilizowaahidi hazikuwepo. Niliwadanganya ili mbofye nilipwe, na mlipolalamika niliwafuta. Familia yake haikujua. Naomba radhi." Shemeji alisoma, akasema ongeza jina lako kamili, akaongeza. Kisha akamnyang'anya simu, akabadilisha neno la siri akiwa amempa mgongo.

Fedha zilizozuiwa hazikutoka, na hakuzidai. Baada ya muda alipata kibarua kwenye kiwanda cha maboksi, kukunja na kupanga, na kwa siri alituma barua kwa muuguzi yule, asijibiwe. Kwa shemeji yake bado anakaribishwa. Analetewa maji kwenye sinia, kiti kinafutwa vumbi, anaulizwa habari za kazini. Anahudumiwa kama mgeni, na kila akitoka mle ndani anatamani angetukanwa.

Jumapili moja mchana Mama aliishusha simu kutoka juu ya friji, akaipanguza, akampa.

"Nisomee walivyoandika," alisema. "Wanafunzi wake. Chini ya yale maneno yako ya kuomba radhi."

"Mama, ni wengi. Wengine wamekasirika."

"Nisomee wote. Usichague."

Akavuta kiti. Wa kwanza alimsamehe, kwa maneno mawili. Wa pili alimwita fisi. Akasoma "fisi", akamtazama mama yake. Mama alikuwa amevua miwani, mikono mapajani, macho dirishani.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Walikuwa mia tatu na zaidi.